Sauti ya Cocteau Twins ilijengwa studio

Wengi wanaoandika kuhusu Cocteau Twins huanza na koo la mwimbaji wao, Elizabeth Fraser, nami siwalaumu. Ukimsikia kwa mara ya kwanza unaacha ulichokuwa unafanya. Lakini kazi yangu ni kurekodi na kumiksi, na kwa sikio la mtu wa studio bendi hii ina historia nyingine ambayo haisimuliwi vya kutosha, nayo ni historia ya vyumba. Kila walipobadilisha mahali pa kurekodia, muziki wao ulibadilika. Walipokuwa wakirekodi kwenye studio za watu walitoa nyimbo zilizojaa ukungu. Walipopata studio yao, ukungu ukaanza kupungua hadi maneno yakasikika. Na studio hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuwafunga.

Turudi mwanzo. Grangemouth ni mji wa viwanda wa Uskoti, karibu na mahali mto Forth unapoingia baharini, uliojulikana kwa kiwanda chake kikubwa cha kusafishia mafuta, kilichofungwa mwaka 2025. Huko ndiko Robin Guthrie, mpiga gitaa, na Will Heggie, mpiga besi, walikoanzisha bendi mwaka 1979. Jina walilitoa kwenye wimbo wa Johnny and the Self-Abusers, vijana wa Glasgow ambao baadaye walijiita Simple Minds. Fraser, binti wa mji huohuo, aliingia mwaka 1981. Guthrie alikuwa akipiga santuri kwenye disko la hoteli moja ya pale mjini, akamwona akicheza, wakamwomba aje kuimba kabla hata ya kujua kama anaweza.

Mpiga ngoma hawakuwa naye. Walitumia mashine ya ngoma, kwanza kwa sababu ndiyo waliyoimudu, kisha kwa sababu ilikuja kuwa uti wa mgongo wa sauti yao. Guthrie naye hakuwa mtu wa kukimbiza vidole kwenye gitaa. Alichokuwa nacho ni sikio la kujua kifaa kipi kifuate kipi, na hapo ndipo penye siri kubwa ya bendi hii, kwa hiyo nitapakalia kidogo.

Gitaa la kawaida lina tabia moja. Ukigusa waya, noti inaanza kwa mdundo mkali, halafu inafifia. Sikio linautambua ule mdundo wa mwanzo na kusema hili ni gitaa. Guthrie aliufuta mdundo huo na kuurefusha mkia. Gitaa lilipita kwanza kwenye kifaa cha kukwaruza sauti, ambacho hubana kishindo na kuifanya noti idumu. Likapita kwenye korasi, kifaa kinachotengeneza nakala ya sauti ileile ikiwa imepanda au kushuka kidogo sana, hadi gitaa moja likasikika kama matatu yasiyoelewana kwa kiasi cha unywele. Likaingia kwenye mwangwi wa kurudia, noti ya sasa ikakuta noti ya nyuma bado iko hewani. Mwisho likatupwa kwenye mwangwi wa ukumbi mkubwa. Kinachotoka upande wa pili hakina mwanzo wala mwisho unaoeleweka. Ukipiga kodi mbili tu polepole (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), ya kwanza inabaki chini ya ya pili, na kati yao inazaliwa kodi ya tatu ambayo hakuna aliyeipiga.

Sasa jaribu kuweka mpiga ngoma wa kawaida juu ya kitu kama hicho, yule anayeyumba kidogo mbele na nyuma ya mapigo. Mwangwi wa kurudia hautamfuata, na wimbo mzima utageuka tope. Mashine haiyumbi. Ndiyo maana kila kitu kingine kwenye nyimbo zao kinaweza kuelea: kuna besi na mashine chini, vimeshikilia ardhi. Vijana wanaotafuta sauti hii leo hununua vifaa vyote vya mwangwi vilivyoko sokoni na kusahau sehemu hiyo.

Albamu ya kwanza, "Garlands", ilirekodiwa Blackwing, studio ya London, na kutolewa mwaka 1982 na 4AD, lebo changa ya Ivo Watts-Russell. John Peel wa redio ya BBC aliwapenda mapema na kuwaita kurekodi kwenye kipindi chake. "Garlands" ni albamu ya giza. Besi ya Heggie ndiyo inayoongoza, gitaa linapiga kelele kwa mbali, na Fraser anaimba kwa sauti inayotetemeka kama mtu mwenye hofu. Waandishi wa magazeti waliwafananisha na Siouxsie and the Banshees, na kwa albamu hiyo walikuwa na haki.

Mwaka 1983 walizunguka Ulaya wakiwatangulia bendi ya OMD jukwaani, na baada ya ziara hiyo Heggie akaondoka. Kabla ya hapo walikuwa wametoa EP, yaani santuri fupi ya nyimbo chache, iitwayo "Peppermint Pig", iliyosimamiwa na Alan Rankine. Bendi haikuipenda, na ukiisikiliza utaelewa kwa nini: ni safi, iko mbele, na haina nafasi ya kupumua. Tangu hapo Guthrie akashika mwenyewe usukani wa miksi.

Wakabaki wawili. Walikwenda Palladium, studio ya Edinburgh, wakarekodi albamu ya pili, "Head over Heels". Kwangu mimi hapa ndipo Cocteau Twins walipozaliwa hasa. Sikiliza sekunde za mwanzo za "When Mama Was Moth": ngoma ya mashine inapigwa polepole na mwangwi wake unajaa chumba kizima kabla pigo linalofuata halijafika. Mashine ile ile ya bei nafuu imegeuzwa kuwa kitu kinachopigwa ndani ya pango. Mtu yeyote aliyesomea kazi hii angeambiwa asithubutu kuweka mwangwi wa ukubwa huo kwenye ngoma. Mwaka uliofuata, 4AD ilipomtafuta mtayarishaji Brian Eno asimamie albamu iliyofuata, Eno alikutana nao akawaambia hawamhitaji, akakiri kwamba yeye mwenyewe asingekuwa na ujasiri wa kutumia mwangwi kwa kiasi walichotumia. Na huyo ndiye mtu aliyekuwa ameufundisha ulimwengu kutumia mwangwi.

Tukirudi mwaka 1983, kuna wimbo mmoja unaopaswa kusikilizwa na kila anayetaka kurekodi sauti ya mwanadamu. Watts-Russell alikuwa akiunda mradi wake wa This Mortal Coil, akiwakusanya wanamuziki wa lebo yake. Alimwomba Fraser aimbe "Song to the Siren" wa Tim Buckley. Mpango ulikuwa sauti tupu bila chombo, na wimbo ukae upande wa pili wa santuri. Sauti tupu haikutosha, Guthrie akachukua gitaa akapiga papo hapo, ameegemea ukuta wa studio. Ni hivyo tu: gitaa moja lenye mwangwi mrefu na mwanamke anayeimba. Lile gitaa halibadiliki kutoka mwanzo hadi mwisho, halisisitizi kitu, halimsaidii mwimbaji kulia. Linamwachia nafasi yote. Wimbo huo ulikaa kwenye chati ya lebo huru za Uingereza kwa zaidi ya wiki 100, na miaka mingi baadaye mwongozaji wa filamu David Lynch, aliyekuwa ameutaka kwa filamu yake ya mapema akashindwa gharama, akaupata kwa "Lost Highway".

Mwishoni mwa 1983 aliingia Simon Raymonde. Huyu ni mtoto wa Ivor Raymonde, mpangaji wa muziki aliyefanya kazi na Dusty Springfield miaka ya 1960, na alileta kitu ambacho Guthrie na Fraser hawakuwa nacho: hisia ya mpangilio, na mkono wa piano. Utatu huo haukubadilika tena hadi mwisho. EP yao ya kwanza pamoja, "The Spangle Maker" ya 1984, ina "Pearly-Dewdrops' Drops", wimbo uliopanda hadi nafasi ya 29 kwenye chati ya Uingereza na kubaki juu kuliko singo zao zote.

Kisha ikaja "Treasure", Novemba 1984. Nyimbo kumi, karibu zote zimepewa jina la mtu: Ivo, Lorelei, Beatrix, Persephone, Pandora, Amelia, na kadhalika. Mashabiki wengi huiita kilele chao, ingawa Guthrie mwenyewe amesema hadharani kwamba haipendi, kwamba ilifanywa kwa haraka na haikukamilika. Nadhani wote wawili wana hoja. Ngoma za mashine zinasikika za miaka ya themanini kuliko kitu kingine chochote walichofanya. Lakini msikilize Fraser kwenye "Lorelei". Hapo hayuko mmoja. Amejirekodi tabaka juu ya tabaka, sauti moja ikipaa juu na nyingine chini yake ikikimbia na maneno ya haraka, na hazisubiriani. Kwa kawaida tunapoweka sauti ya pili tunaitaka ifuate ya kwanza, neno kwa neno. Yeye alizitunga kama waimbaji wawili tofauti waliokutana njiani. Hiyo si kazi ya miksi. Ni utunzi, na sifa yake ni ya Fraser.

Na hapa lazima niguse suala la maneno. Wasikilizaji wa Kiingereza wamehangaika miaka arobaini kutafuta Fraser anasema nini. Ameeleza mara kadhaa kwamba alikuwa akikusanya maneno kutoka vitabu na kamusi za lugha asizozijua, akayatumia kwa sauti yake, si kwa maana. Msomaji wa Afrika Mashariki hana sababu ya kushangaa. Sisi tumecheza nyimbo za Kilingala za Franco na wenzake vizazi na vizazi, wengi wetu bila kuelewa mstari mzima, na hakuna aliyetoka ukumbini akilalamika kwamba hakuguswa. Tofauti ni kwamba Kilingala kina watu wanaokielewa. Kwa Fraser sote tuko sawa, wa Edinburgh na wa Dodoma, na hilo ni jambo zuri.

Miaka ya 1985 na 1986 walitoa EP mfululizo: "Aikea-Guinea", "Tiny Dynamine", "Echoes in a Shallow Bay", "Love's Easy Tears". Bendi nyingi hutumia EP kutupia mabaki ya albamu. Hawa waliziweka nyimbo zao bora humo na mara nyingi hawakuzirudia kwenye albamu. Kuna sababu ya kiufundi inayozifanya zisikike vizuri hivyo. Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 45 kwa dakika hupitisha mfereji wake chini ya sindano kwa kasi kubwa zaidi, kama asilimia 35, kuliko albamu ya kawaida ya mizunguko 33 na theluthi. Kwa hiyo kila sekunde ya muziki inapata nafasi ndefu zaidi kwenye plastiki, na sauti za juu, zile za mwangwi na za pumzi, hazibanwi. Kwa bendi ambayo nusu ya muziki wake ni mikia ya mwangwi, hiyo si tofauti ndogo. Walilijua hilo vizuri: "Victorialand" ya mwaka 1986, ambayo ni albamu kamili ya kama dakika 32, nayo ilikatwa kwa mizunguko 45.

"Victorialand" ilirekodiwa bila Raymonde, aliyekuwa akifanya kazi na This Mortal Coil. Mashine ya ngoma haipo, besi karibu haipo. Kuna magitaa, mengi yakiwa ya akustika, Fraser, na hapa na pale tabla na saksafoni ya Richard Thomas kutoka bendi ya Dif Juz. Jina ni la eneo la Antaktika. Nilisema mashine ndiyo iliyowashikilia ardhini, na albamu hii inaonyesha kinachotokea ikiondolewa: hakuna kinachoanguka, kwa sababu Guthrie anapiga noti zilizoachana, moja moja, na ule mfuatano wa noti unachukua kazi ya ngoma. Ilifika nafasi ya 10 Uingereza. Mwishoni mwa mwaka huo wakatoa "The Moon and the Melodies" pamoja na mpiga piano wa Marekani Harold Budd, kwa majina yao wanne badala ya jina la bendi. Wimbo wake wa kwanza, "Sea, Swallow Me", umepata wasikilizaji wapya kwa mamilioni kupitia TikTok, vijana ambao wazazi wao pengine hawakuwahi kuusikia.

Wakati huo walikuwa wameanza kujenga studio yao wenyewe London, na "Blue Bell Knoll" ya mwaka 1988 ndiyo albamu ya kwanza kutoka humo. Mabadiliko yanasikika mara moja. Sauti imekuwa pana, kila kitu kina mahali pake, na hakuna haraka. Mwaka 1989 wakahamia jengo kubwa zaidi huko Twickenham, ukingoni mwa mto Thames, lililokuwa studio ya Pete Townshend wa The Who. Wakaiita September Sound. Septemba ya mwaka huo Fraser na Guthrie, waliokuwa wapenzi tangu Grangemouth, walipata binti.

"Heaven or Las Vegas" ilitengenezwa humo na kutoka Septemba 1990. Ukiangalia maisha yao wakati huo unajiuliza ilikamilikaje. Guthrie alikuwa amezama kwenye dawa za kulevya. Raymonde alimpoteza baba yake katikati ya kazi, na piano ya wimbo wa mwisho, "Frou-Frou Foxes in Midsummer Fires", ilitokana na msiba huo. Fraser alikuwa mama mpya, na ghafla maneno yake yakaanza kueleweka, si yote, lakini ya kutosha kumsikia akizungumzia mtoto wake.

Chukua "Cherry-Coloured Funk", wimbo unaofungua albamu. Mwendo ni wa taratibu. Gitaa la Guthrie linashuka na kupanda kidogo kwenye kila kodi, kana kwamba kanda inateleza, na mteremko huo ndio unaokupa kizunguzungu cha kwanza. Fraser anaingia chini kabisa, kwenye sauti ya kifua, karibu anaongea, maneno yamebanana. Unazoea kuwa huko chini. Halafu kiitikio kinafika na anaruka hadi sauti ya kichwa, juu sana, na kwa wakati uleule gitaa linafunguka. Angalia kile ambacho hawakufanya. Ngoma hazikuongezwa nguvu. Besi haikubadilisha kazi. Kuruka kwa sauti peke yake kunabeba tofauti nzima kati ya ubeti na kiitikio. Watayarishaji wengi wa leo wakitaka kiitikio kiwe kikubwa wanaongeza vyombo kumi. Wimbo huu unaongeza umbali.

Ndiyo albamu yao iliyouza vizuri kuliko zote, ilifika nafasi ya 7 Uingereza, na mwaka huo haukuisha kabla 4AD haijavunja nao mkataba. Uhusiano wao na Watts-Russell ulikuwa umechakaa kabisa. Wakahamia Fontana, lebo kubwa.

Nasema studio iliwafunga, na naomba nieleweke. Studio ya kukodi ina saa ukutani. Saa hiyo inakuudhi, lakini inakulazimisha uamue: gitaa hili limetosha, twende mbele. Ukimiliki studio saa inaondoka. Unaweza kurekebisha noti moja hadi asubuhi, na kama una uraibu, una mahali pa kuufichia. Halafu Fraser na Guthrie wakaachana, na bado kila siku ya kazi iliwaleta kwenye jengo lilelile. "Four-Calendar Café" ya mwaka 1993 ilitoka kwenye hali hiyo. Guthrie alikuwa amepata tiba, Fraser alikuwa amezidiwa kiakili, na akaimba waziwazi, maneno yanasikika karibu yote. Wapo mashabiki waliochukia uwazi huo. Mimi naiheshimu albamu ile kuliko wao, hasa "Bluebeard" na "Evangeline", ingawa nakubali kwamba miksi yake ni laini mno, haina ule ukwaruzo uliokuwa chini ya utamu. "Milk & Kisses" ya mwaka 1996 ilirudisha magitaa mengi na ina nyimbo nzuri, lakini inasikika kama watu watatu walioweka sehemu zao kwa zamu. Mwaka 1997, wakiwa wameanza albamu nyingine, wakavunjika.

Waliyoyaacha yametapakaa kila mahali. Raymonde na Guthrie walianzisha lebo ya Bella Union mwaka huohuo wa 1997. Raymonde aliendelea nayo na kupitia kwake Uingereza iliwapata Fleet Foxes na Beach House. Fraser aliimba "Teardrop" ya Massive Attack mwaka 1998, wimbo ambao pengine umesikika na watu wengi kuliko vyote alivyoimba na bendi yake. The Weeknd alichukua kipande cha "Cherry-Coloured Funk" kwenye "The Knowing" mwaka 2011. Hata jina la mtindo, dream pop, lilitoka jirani kabisa: kwa Alex Ayuli wa A.R. Kane, kundi la London la vijana wawili wenye asili ya Afrika, yeye Nigeria na mwenzake Rudy Tambala Malawi, ambao Guthrie aliwasimamia EP yao "Lollita" mwaka 1987. Ningependa watu wetu wanaoupenda muziki huu wawafahamu hao wawili, maana hadithi yake mara nyingi husimuliwa kana kwamba Waafrika hawakuwapo.

Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba Cocteau Twins wangerudi jukwaani kwenye tamasha la Coachella, California. Kabla ya tarehe kufika Fraser akajitoa, na ikaishia hapo. Mwaka 2022 alitoa EP pamoja na mpiga ngoma Damon Reece, kwa jina la Sun's Signature.

Anayetaka kuanza asianze na mkusanyiko wa nyimbo bora, kwa sababu miaka yao haichanganyiki vizuri. Aanze na "Heaven or Las Vegas" yote kwa mpangilio wake, kisha "Head over Heels", asikie umbali uliopo kati ya hizo mbili. Halafu atafute mkusanyiko wa "Lullabies to Violaine", uliokusanya singo na EP zao kuanzia 1982 hadi 1996. Sehemu ya kwanza inaishia 1990. Aizime simu, atumie spika zenye besi ya kutosha au hedifoni nzuri, na kwenye "Aikea-Guinea" aifuatilie besi ya Raymonde peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla ya kumruhusu Fraser amchukue.